Sevisi Kamili

Peleka baiskeli yako ya mashindano ya miaka ya 1970 kwenye duka lenye kiyoyozi uone mambo. Kijana mwenye aproni isiyo na doa la grisi ataizunguka kimya kama daktari wa zamu, kisha aulize: "Mzee, hii unaiendesha au ni ya kumbukumbu?" Tairi hana, rimu zako ni za inchi 27, yeye anauza 700C. Tofauti ni milimita 8 tu za kipenyo, basi nunua magurudumu mapya. Hayo nayo hayaingii kwenye fremu. Sharti ipanuliwe nyuma. Bili inatosha baiskeli nyingine, ila kengele yako wamekurudishia, wamekufungia kwenye kikaratasi. Fundi wa chini ya mwembe angebadilisha gololi, akatia grisi, basi. Lakini kwake hakuna kapuchino.