Kwa Mheshimiwa Waziri, Shikamoo Kutoka Kisaka

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,

Naomba radhi mapema kwa vumbi utakalolikuta ndani ya bahasha. Ni vumbi la Kisaka, wilayani Serengeti, na limezoea kuingia kila mahali isipokuwa ofisi za wakubwa. Mimi ni shangazi tu, sina cheo.

Nasikia inasemwa kwamba mabinti wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani wanakwenda kwa hiari yao, na kilichobaki ni semina ili wafanye maamuzi sahihi. Kauli nzuri, tena inapumzisha. Ila, ukiniruhusu, nikueleze hiyo hiari huku kwetu inavyopikwa.

Kwa sisi Wakurya, ng'ombe wanaotolewa kwa dada ndio kaka anaoa nao. Kwa hiyo kaka humtazama dada yake kama mkulima anavyotazama mawingu. Ikifika Desemba, hasa ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, visu vya kukeketa vinanolewa, maana aliyekatwa ndiye anayetarajiwa kuleta ng'ombe. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, tunashukuru. Wenye bahati hukimbilia Nyumba Salama ya Mugumu au kituo cha Masanga, Tarime. Lakini msimu ukiisha, binti anarudi nyumbani. Kisimani anaitwa msagane, yaani ambaye hajakatwa. Mnadani anaitwa msagane. Kaka yake hasemi naye, maana anaona ng'ombe wanamponyoka.

Kuhusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayomruhusu baba kumwoza binti wa miaka 15, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Sisi hatulalamiki. Huku miaka hatuihesabu sana, tunahesabu ng'ombe.

Sasa mfikirie binti huyo aliyerudi nyumbani, jioni moja akiwa na mama mgeni, wakala mwenye sauti ya asali, simu yake imejaa picha za maghorofa ya Muscat, Oman. Hamlazimishi. Anasema tu, "Mwenzako keshamwezekea mama yake bati." Bati, Mheshimiwa, linaonekana tangu barabarani. Usingizi aliounyimwa aliyelinunua hauonekani.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa na mwajiri, mishahara kukatwa, wengine kufanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Nikamsimulia mtoto wa kaka yangu, yote, bila kuficha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Shangazi, huko nako watajua kuwa mimi ni msagane?"

Sikuwa na jibu. Nikamfungashia khanga.

Ombi langu ni dogo, na nalitoa nikiwa nimepiga magoti. Semina itakapokuja, waalikwe akina kaka, na baba zao wakae mbele. Mabinti wanaweza kuendelea na kazi zao. Pia, orodha ya mawakala waliosajiliwa ibandikwe ofisi ya kata. Ukutani ipo nafasi, baina ya tangazo la chanjo ya ng'ombe na la siku za mnada. Gundi nitaleta mwenyewe.

Wako mtiifu,
Shangazi, Kisaka