Uniti ya 76: Barua ya Wazi kwa Wapanga Bei ya Umeme

Kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), Dodoma

YAH: BARIDI YA NJOMBE KUVUKA UNITI 75 BILA KIBALI

Bei ya umeme wa majumbani Tanzania haijui majira. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, mteja wa daraja la D1, lililowekwa kwa wenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi ya 75 katika mwezi. Uniti ya 76 ni shilingi 350. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya Mamlaka yenyewe, ambayo nayo lazima ile, 100 inakuwa 122 na 350 inakuwa 427. Ndiyo maana uniti 75 hupatikana kwa shilingi 9,150, kiasi ambacho wanunuzi wa LUKU wamekikariri kuliko namba zao za NIDA.

Mpango huu unafaa sana mahali ambapo maji ya bomba hutoka yakiwa na uvuguvugu. Njombe, Makete na Mufindi, kwenye nyanda za juu kusini, si mahali hapo. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa huko hushuka chini ya nyuzi 10, na Makete sakitu huunguza viazi shambani. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi 12, ili ifike nyuzi 40, hula uniti 0.65 hivi. Ndoo hiyohiyo mjini Dar es Salaam, yenye maji ya nyuzi 27, haifikishi hata nusu ya hapo. Kanuni hii ya fizikia haikupitishwa na Mamlaka, kwa hiyo hakuna pa kukatia rufaa. Watu watano wanaooga mara moja tu kwa siku, starehe ambayo huenda Dodoma ikaonekana imezidi, wanamaliza uniti 97 kwa mwezi kabla taa haijawashwa.

Nyumba iliyozoea uniti 75, Julai ikiisukuma hadi 120, imeongeza matumizi kwa asilimia 60. Malipo yanatoka 9,150 hadi 28,365, yaani zaidi ya mara tatu. Anayerudiarudia kosa la kuoga anaweza kuhamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti, tangu ile ya kwanza, ni 292, au 356 na ushee pamoja na makato. Huko ndiko shilingi 10,000 inapoleta uniti 28.

Kubwa zaidi ni kwamba mita huhesabu umeme, haihesabu watu. Katika nyumba ya kupanga yenye familia sita na LUKU moja, daftari la michango huning'inia kwenye msumari chini ya mita, na kila jina lina alama yake: huyu ana friji, yule ana jagi la umeme, wa chumba cha mwisho anashukiwa kuficha koili. Kila familia ikitumia uniti 25, ambazo ni matumizi ya maskini kwa kipimo chochote, jumla ni 150 na gharama ni shilingi 41,175. Zingekuwa na mita sita, zingelipa 18,300 kwa pamoja. Ruzuku ya mnyonge imempita mlangoni, na ugomvi wa daftari umebaki ndani. Kodi ya jengo nayo, iliyoingizwa kwenye LUKU mwaka 2021, hukatwa palepale. Mwenye nyumba anadaiwa, mpangaji analipa, kisha anaambiwa akakumbushane naye.

Kila bei ikilalamikiwa, wananchi hushauriwa kuzima taa. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku, kwa mwezi mzima hula uniti 1.35, sawa na ndoo mbili za kuogea. Mlaji ni joto: hita ya bafuni, koili, jagi, pasi. Kwa hiyo kinachopunguza matumizi kweli ni kuchemsha mara moja na kuhifadhi kwenye chupa ya chai, kupasha maji yanayotosha tu, na kutumia jua. Kipupwe cha nyanda za juu ni kikavu na mchana wake una jua zuri, hivyo hita ya sola hufanya kazi hata Julai, kwa mwenye uwezo wa kuinunua. Asiye nao hurudi kwenye jiko la mkaa, wengine hulala nalo chumbani, na hewa yake huua. Haya yanatokea chini ya mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Atakayetii na kupikia umeme ataikuta uniti ya 76 inamsubiri.

Mto Ruaha Mkuu, unaozungusha mitambo ya Mtera na Kidatu na kuchangia bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, huanzia kwenye milima hiyohiyo ya baridi. Mamlaka inaombwa, itakapokaa kupitia bei, iinue kikomo cha uniti 75 kwa miezi ya Juni hadi Agosti katika wilaya za nyanda za juu, na itafute namna ya kuhesabu familia zilizo nyuma ya kila mita. Kikao hicho kifanyike Makete, Julai, asubuhi.