Mayai Yalikuwa Mtaani

Mume wangu alistaafu mwezi wa pili. Masika yalipoanza, tayari tulikuwa na vifaranga. Walifika kwetu Kimara kwa bodaboda, ndani ya boksi la matundu, chotara aina ya Sasso, wadogo wa miili na wakubwa wa sauti. Mzee alilitua boksi katikati ya sebule, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyumba yetu imeagana na trei za mayai za dukani. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Utataga wewe?" akamuuliza mwanawe.

Sebule ikawa bruda. Makochi yalisogezwa ukutani, hadibodi ikakunjwa duara ili vifaranga wasipate kona ya kulundikana na kukandamizana, chini yakamwagwa maranda, juu ikaning'inizwa balbu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguziwa kidogo kidogo kila wiki mpaka manyoya yamtoshe. Mzee alinunua kipimajoto, akawa anatusomea nyuzi kwa sauti wakati wa taarifa ya habari. Mama akamwambia aache kutazama kioo, atazame kuku: wakisongamana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni huku wamefumbua midomo wanaungua, wakitawanyika na kula, mambo sawa.

Usiku mmoja wa mvua Luku ikaisha, na simu ya Mzee ya kununulia umeme ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Jiko la mkaa likaingia sebuleni, madirisha yakafunguliwa maana hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua vifaranga na wenye vifaranga, na familia nzima ikakesha imejifunika mablanketi ili kuku wapate joto. Asubuhi wao walikuwa wazima kabisa. Waliopiga chafya ni wanangu.

Kisha tukaingia kwenye vita vya kideri. Ugonjwa huu hauna tiba. Ukishaingia bandani unafagia. Kinga yake ni chanjo, na ile tuliyopewa ilikuwa ya tone moja jichoni, irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Kuku hukamatika kirahisi gizani, kwa hiyo kazi tukaifanya usiku, binti yetu akimulika kwa simu, mimi nikishika, Mzee akidondosha. Matone mengine yaliishia kwenye mkono wangu, na kila lililokosea jicho lilibidi lirudiwe. Kesho yake tukakuta maji yao ya kunywa yamegeuka kijani: Mama alikuwa ametia mshubiri na pilipili, kama walivyofanya kwao tangu utoto wake. Hakuna kuku aliyeugua. Mpaka leo kila upande unajipongeza.

Walipohamia banda la nje walikuja wageni wasioalikwa, kunguru hawa weusi wenye shingo za kijivu ambao wakoloni waliwaingiza Zanzibar miaka ya 1890 na sasa Dar es Salaam wanaiona mali yao. Tukaezeka wavu juu. Kifaranga mmoja alikuwa ameshakwenda. Mwanangu wa mwisho alimzika hata hivyo, akaweka kaburi lisilo na mtu na kutulazimisha kusimama kimya.

Baada ya hapo kukabaki kungoja, na hapo ndipo nyumba ilipoharibika.

Chotara huanza kutaga akikaribia miezi mitano au sita. Mzee alianza kusubiri mapema zaidi. Alimwita fundi, wakapigilia masanduku mazuri ya kutagia, yamepakwa rangi ya samawati, yakitazama mlango wa banda ili yaonekane. Mbele yake akaweka kiti cha plastiki. Hapo akawa anasoma gazeti, jicho moja kwenye michezo, jicho moja kwenye masanduku. Wageni waliletwa hapo hapo na chai ikafuata.

"Kuku anataka giza na faragha," Mama akasema.

"Hawa wa kisasa, Mama. Hawana aibu."

Maoni yakawa mengi kuliko kuku. Jirani wa juu alisema tunakosa jogoo, ingawa tembe hutaga bila jogoo, ila mayai hayo hayatotoi. Shemeji alisema mwanga hautoshi, na hilo lina ukweli wake, kwani wafugaji wengi wa mayai huongeza taa ili siku ya kuku ifike saa kumi na sita badala ya kumi na mbili zetu za asili. Basi balbu ikawaka na Luku ikakimbia. Mzee mwenyewe akaleta mfuko wa chakula cha kuku wa mayai ili awaharakishe. Dada wa duka la mifugo alimwambia aurudishe stoo: chakula hicho kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda, na tembe ambaye hajaanza kutaga huumizwa figo nacho. Mfuko ukawekwa, panya wakaukaribisha.

Kilichomtesa zaidi ni kelele. Kila asubuhi, chai ikiwa mezani na kuku wetu wameshafunguliwa wachakure uani, tulisikia nyuma ya ukuta kuku akitetea kwa fahari, ile sauti ya aliyekwisha kutaga. Mzee alikuwa anashusha kikombe.

"Wenzetu wanapata," alisema.

Siku moja watoto wakaja mbio: yai! Lilikuwa kwenye sanduku la katikati, safi, kubwa. Mzee alipiga picha. Mama akalipokea, akaliangalia, akalipasulia kwenye bakuli. Kiini kilikuwa cheupe karibu kama ute wake.

"Hili la dukani," akasema.

Ikabidi Mzee aeleze kwamba aliliweka yeye mwenyewe, ili kuku waone mfano. Mama hakubishana na mfano. Alitukumbusha tu kwamba rangi ya kiini hutoka kwenye chakula: kuku anayekula majani na wadudu hutoa njano iliyokolea, na aliyefungiwa na kulishwa mahindi meupe hutoa kiini kilichopauka. Kuku wetu walikuwa wanakula mchicha kutushinda sisi.

Kisha akaomba aletewe yule tembe mwekundu. Upanga wa kichwani ulikuwa umeiva, na ukimpitishia mkono mgongoni alichuchumaa na kutanua mbawa. Mama akapima kwa vidole nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga. Asiyetaga, hapo hupita kidole kimoja kwa taabu. Kwa huyu vilipita vitatu.

"Huyu anataga," akasema. "Tena si tangu leo."

Ijumaa jioni Mzee, kwa desturi yake, aliwaletea watoto zege, yaani chipsi mayai, kutoka kwa kijana wa chipsi wa pale kituoni. Kwa muda alikuwa amelisifu sana zege hilo, akidai kijana amebadilisha mafuta. Mjukuu akamkatia bibi yake kipande. Mama akakigeuza kwa kijiti, akakisogeza kwenye mwanga. Njano yake ilikuwa imekolea.

"Mjukuu wangu, kaka wa chipsi anatoa wapi mayai?"

"Kwa babu mlinzi wa pagale, Bibi. Anamuuzia rahisi."

Pagale hilo liko nyuma ya ukuta wetu, nyumba iliyokwama kwenye lenta, mwenyewe yuko mkoani. Kesho yake Mama akakaa uani na kulipa banda kisogo, akichambua mchicha. Mwekundu akapita nyuma yake, akatazama huku na huku, akainama, akapenya tundu la maji ya mvua chini ya ukuta. Wenzake wawili wakafuata. Tulipozunguka tukawakuta kwenye chumba ambacho siku moja kitakuwa choo, kwenye kona yenye giza, juu ya mifuko mitupu ya saruji. Mlinzi alikuwa mtaalamu: kila siku aliacha yai moja ili kuku wasihame.

Kwa hiyo mume wangu alikuwa akinunua mayai yake mwenyewe, yamekaangwa, kwa bei ya mtaa, na chumvi juu.

Kesi ikaenda kwa mjumbe. Mlinzi alisimama, akavua kofia, akajitetea vizuri: yeye ameajiriwa kulinda kila kilichomo ndani ya pagale, na mayai yalikuwa ndani ya pagale. Kuku hakuingizwa, alikuja kwa miguu yake. Mzee akataja gharama, tangu hadibodi hadi chanjo. Mjumbe akauliza kama kuna yai lolote lililobaki la kugawana. Mbali na lile la kiotani, halikuwepo. Akaamua kwamba yaliyoliwa yameliwa, na kwa kuwa mlalamikaji alikuwa miongoni mwa walaji, asidai fidia. Tundu lizibwe kwa wavu, maji yapite, kuku wasipite. Mlinzi, kwa kuwa ameonyesha ujuzi, aje aonyeshe viota vinakaa wapi.

Alikuja. Aliyang'oa masanduku ya samawati, akayageuza yaelekee ukutani kwenye kona ya nyuma, akatandika nyasi, akaning'iniza pazia la gunia. Kuku wakawa hawafunguliwi hadi adhuhuri, maana wengi humaliza kutaga kabla ya hapo. Yai likapatikana, dogo kama yalivyo mayai ya mwanzo, na kwa kuwa kila mtu alilidai, lilikaangwa na vitunguu na nyanya nyingi mpaka hakuna aliyeliona.

Mzee alikwenda kuchukua kiti chake cha plastiki. Mama alikuwa ameshakikalia, barazani, na ufunguo wa banda umefungwa kwenye pindo la khanga. Siku hizi mume wangu anapata taarifa za kuku wake kutoka kwa mama yake baada ya kifungua kinywa, pamoja na orodha ya pumba na dagaa vinavyotakiwa. Akiuliza kama anaweza kuchungulia kidogo tu, anatumwa sokoni.