Sifa za Bushi Iliyokwisha

Huku Wajir ngamia ameimbiwa mashairi ya kujaza lori, na mvua vilevile. Bushi ya loa amu iliyokwisha, ule mpira wenye gamba la chuma kwenye mkono wa chini wa gurudumu la gari, haijapata hata ubeti mmoja, ilhali ndiyo inayotutoa Griftu na kutufikisha mjini, tena kwa sauti.

Fadhila yake ya kwanza ni ukweli. Barabara ina wasemaji wengi, mhandisi, mkandarasi, mheshimiwa, na kila mmoja ana ripoti yake. Bushi haina chama. Ikikutana na shimo inasema kong'! Ikikutana na la pili inarudia, na hata akipanda mgeni rasmi haipunguzi sauti. Abiria mzoefu hufumba macho na bado anajua yuko wapi, kwa milio tu. Ripoti gani ya serikali husomwa kwa makini hivyo?

Kisha kuna raha ya bahari. Waingereza wa enzi za ukoloni walikuwa na klabu yao Wajir wakaiita Royal Wajir Yacht Club, klabu ya mashua katikati ya jangwa, na watu wanacheka mpaka leo. Sisi wa Probox hatucheki. Gari hilo Toyota ilianza kuliuza mwaka 2002 kwa makarani na wachuuzi wa Japani. Kenya hairuhusu liingie likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo lilishuka Mombasa bado na adabu zake za lami. Sasa bushi zimekwisha: usukani unataka kusi, pua inataka kaskazi, na ukikanyaga breki linapiga tanga kushoto.

Lakini utukufu wenyewe ni siku ya kuibadilisha, nyumbani, chini ya mgunga. Aliyekosa wageni mwezi mzima na apige jeki tu. Kabla hajalegeza nati ya kwanza washauri wamejaa, chai imeagizwa, na kila mmoja anakataza alichoshauri mwenzake. Kijana mmoja tu ndiye mwenye la maana: "Adeer, sukuma kwanza tairi la akiba chini ya bodi. Jeki haiaminiki." Loa amu inatoka. Mpira mkuukuu unachomwa mpaka uachie, moshi mweusi unawafukuza mbuzi na nusu ya washauri, kisha gamba la chuma linapasuliwa kwa msumeno na kung'olewa kwa tindo. Bushi mpya haipigwi nyundo. Huvutwa ndani pole pole kwa bolti ndefu, nati na kipande cha bomba, maana mashine ya kukandamiza haipo, na cha kulainishia ni maji ya sabuni. Oili hula mpira.

Hapo bushi kuukuu ina somo moja la mwisho, nalo huwafika wenye haraka. Hao hurudisha loa amu na kukaza bolti zake kabisa magurudumu yakiwa bado yananing'inia. Gari likishushwa, mpira uliobanwa unajikuta umepindika kabla ya safari kuanza, na haukai muda unachanika. Bolti hizo hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe. Anayelalamika kwamba aliuziwa feki huenda anasema kweli, feki zimejaa, ila aulizwe kwanza gari lilikuwa juu au chini alipokaza.

Bushi mpya yenyewe sina la kuisifu. Ni bubu. Dereva aliyekuwa akitambaa kwa heshima sasa anakimbiza gari juu ya mawe, shokabzoba zinaanza kuvuja, na mbuzi wa watu wanalipwa. Nyuma, mzee aliyezoea kusimuliwa njia nzima anagonga kiti cha dereva:

"Wewe, tumefika wapi? Gari hili leo halisemi."