Menyu ya Wakubwa

Ukitaka kujua nani ana kiti kikubwa ofisini, usihangaike kuuliza. Fungua tovuti ya ofisi hiyo. Menyu inaanza na "Salamu za Mkurugenzi", inafuata "Dira na Dhamira", kisha idara zote kwa mpangilio wa vyeo. Fomu ya cheti cha kuzaliwa? Imo, usiwe na haraka: iko chini ya "Machapisho Mengineyo", imelala na hotuba za mwaka juzi.

Dawa ipo, na haifikii bei ya chai na sambusa za kikao kimoja. Andika kila huduma kwenye kadi yake: cheti, leseni, malipo, malalamiko. Waite wananchi mmoja mmoja, wazipange mafungu wanavyoona wao, kisha kila fungu walipatie jina: hiyo ndiyo menyu. Mtaalamu wa matumizi ya tovuti, Jakob Nielsen, alisema mwaka 2004 kwamba kwa zoezi hili watu 15 wanatosha. Foleni ya dirishani inawazidi hao kabla ya saa mbili asubuhi.

Tatizo ni kwamba katika wote hao hatapatikana hata mmoja wa kuweka "Salamu za Mkurugenzi" juu. Basi bajeti ya kadi itasubiri sana.