Ua la Jangwani Lafa Maji Nyamasaria

Verbena ni ua la mtu mwenye subira na udongo wa kichanga. Mimi naishi Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu, na subira yenyewe huwa naazima.

Chanzo cha yote ni binamu yangu aliyeko Arizona. Alinitumia picha ya jangwa: mchanga mtupu, kisha maua ya waridi na zambarau hadi jicho linapokoma. Akaandika chini yake, "Verbena ya huku." Nikajisemea, ua linaloishi pakavu vile litaona Kisumu ni hoteli. Muuza miche wa kando ya barabara akanitia moyo: "Boss, hii haisumbui. Hii ni ya jua."

Jua tunalo. Januari udongo wetu mweusi hupasuka nyufa za kumeza kijiko, na maji niliyomwaga yalipitia humo humo, verbena ikayasikia kwa mbali. Kuku wa jirani nao wakaona nimewachimbia pa kuogea vumbi. Miche iliyosalia ikakutana na masika, na masika ya huku hayabishi hodi: mawingu hushinda yakijikusanya, jioni yanashuka yote kwa pamoja. Udongo uliokuwa tofali ukawa gundi. Kila hatua bustanini naongezeka urefu. Na ua la jangwani likafa maji.

Jambo ambalo binamu hakunieleza ni kwamba ile ya jangwani si verbena hata kidogo. Ni Abronia, ya ukoo mmoja na bogenvilia inayoparamia kuta za mtaa wa Milimani bila kubembelezwa. Verbena halisi ni ya ukoo wa lantana. Lantana ninayo nyuma ya choo. Sijawahi kuinywesha hata tone. Mbuzi huipita kwa heshima kwa kuwa ina sumu, kisha wanakuja kumalizia verbena.

Asili ya lantana ni Amerika, kama verbena za bustanini, kama gugumaji lililoziba Ghuba ya Winam miaka ya 1990 hadi wakaletwa fukusi wa kulitafuna. Gugumaji nalo lilisambazwa duniani na wapenda maua. Wageni wawili wamekataa kuondoka. Wa tatu, niliyemtandikia kitanda, amekataa kulala.

Bibi jirani alikuwa ameuliza mapema, "Nyathina, hii inaliwa?"

"Hapana, dani. Ni ya kutazama."

Akaitazama kidogo, kwa adabu.

Mvua zilipopungua alipanda mboga ya dek pale pale, bila kuniuliza. Ikastawi hata kabla sijajua nikasirike vipi. Aliipika kwa maziwa kuondoa uchungu, akaniletea bakuli.

Siku hizi binamu akipiga simu kuulizia verbena, dani hunipokonya simu. "Iko," humwambia, "ila maziwa ndiyo yameisha."