Mwongozo kwa Waziri Mpya Aliyekabidhiwa Faili la Korea Kaskazini

Mheshimiwa, hongera kwa uteuzi. Kabla chai haijapoa, katibu wako ataingia na faili nene la Korea Kaskazini. Usihangaike kulisoma. Waliokutangulia walilipitia juujuu tu, na kati ya 2006 na 2017 nchi ile ikalipua bomu la nyuklia mara sita.

Anza kwa kununua kiwanja. Kinaitwa Yongbyon, kaskazini mwa Pyongyang, na ndani yake kuna kinu kinachotoa plutoniamu. Wale madalali wa mjini wanaouza kiwanja kimoja kwa wateja watatu wakifika huku watavua kofia. Mteja wa kwanza alitia saini Geneva, Oktoba 1994: Marekani iliahidi tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka na vinu viwili vya umeme, na Yongbyon ifungwe. Ikafungwa kweli, miaka minane! Hili usiliseme hadharani, litakuharibia ile hotuba ya kwamba mazungumzo ni kupoteza muda. Mafuta, hata hivyo, yalifika kwa kusuasua. Vinu vilivyotarajiwa 2003 vilimwagiwa zege la kwanza Agosti 2002, na mradi ukazikwa 2006. Muuzaji naye hakulala: kinu kimefungwa mbele, yeye anahangaikia urani uani.

Ukishakalia kiti, chana alichosaini mwenzako. Januari 2002 Rais Bush aliiweka nchi hiyo kwenye "mhimili wa uovu". Kabla mwaka haujaisha mafuta yakakatwa na wakaguzi wakafukuzwa. Januari 2003 Pyongyang ikatangaza kujitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Faida yake ni kubwa: hakuna tena mkaguzi wa kukuletea habari mbaya.

Kisha vikwazo. Baada ya jaribio la kwanza, Oktoba 2006, Baraza la Usalama lilipiga marufuku hata bidhaa za anasa, bila kusema anasa ni nini. Kila nchi ijipangie. Ukizuia fedha, hakikisha unajua namna ya kuzirudisha. Dola milioni 25 za Korea Kaskazini zilizokwama katika benki moja ya Macau zilipoachiliwa kama sharti la mazungumzo, hakuna benki iliyotaka kuzigusa. Mwishowe, 2007, zilipitia Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, kisha Benki Kuu ya Urusi. Yaani serikali iliyozinyooshea kidole ndiyo iliyogeuka tarishi wake.

Usisahau kamera. Tarehe 27 Juni 2008 waandishi walialikwa Yongbyon kutazama mnara wa kupozea ukilipuliwa. Uliporomoka ndani ya sekunde chache, vumbi likapanda, televisheni zikarudia picha siku nzima, na Oktoba Marekani ikaiondoa nchi hiyo kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Kinu chenyewe kilikuwa pembeni, kizima. Bomu la pili lililipuliwa 25 Mei 2009. Kufika 2013 kinu kilikuwa kimewashwa tena, safari hii kikipozwa kwa maji ya mto. Mnara wa nini?

Ukichoka na haya, tukana. Mwaka 2017 Trump aliahidi "moto na ghadhabu"; mwaka uliofuata akampa Kim, kiongozi wa Korea Kaskazini, mkono Singapore. Februari 2019 wakakutana Hanoi, meza ya chakula cha mchana imeshaandaliwa, na wakaondoka bila kula. Dalali alikuwa ameleta nini mezani? Yongbyon.

Mwisho, kuhusu yule anayehesabu vikwazo vinavyokiukwa: hilo lilikuwa jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Machi 2024 Urusi ilipiga kura ya turufu kuzuia muda wake usiongezwe, na tangu 30 Aprili mwaka huo jopo hilo halipo.